Mtoto wangu ana usonji, hanitaki mimi anamtaka dada wa kazi tu

BabaK_Mbagala:
Wakuu habari za jioni. Nina dogo wa kiume anaelekea miaka mitano, Muhimbili walishatuambia ana usonji (autism), hilo tumelipokea. Kinachoniumiza ni kwamba nikirudi job hata hageuki, nikimbeba anajinyonganyonga mpaka analia, ila dada wa kazi akikaa tu mkekani anamfuata mwenyewe analaza kichwa mapajani. Wife ndo usiseme, kachoka, dogo usiku halali, halafu bi mkubwa kila akija anasema eti mkwe alikuwa bize na kazi ndo maana mtoto hajui watu. Sasa hawa watoto wanawapenda wazazi wao kweli? Waliopitia naombeni mnisaidie, matusi sitaki.

mama_wawili:
Pole baba K. Hebu sema ukweli unamwingiaje? Wababa wengi mkifika ni "njoo kwa babaaa", mara umembeba juu, jasho la daladala, pafyumu, na sauti ya kuita mtaa mzima, wakati wengi wa watoto hawa sauti, harufu na kuguswa ghafla vinawatesa kweli. Dada yeye hafanyi kitu, anakaa, mtoto ndo anaamua aende lini. Mi wangu alikuwa anapanga vifuniko vya soda, nikawa nakaa pembeni napanga vyangu, siongei wala simwambii niangalie. Ikachukua muda, siku moja akanisukumia kifuniko kimoja, nililia jamani 😭. Na usisubiri kukumbatiwa, wangu akinikubali ananivuta mkono mpaka kwenye friji 😂

mzee_wa_fact:
Dawa ya dogo huyo ni maombi, na huyo dada mchunguzeni vizuri

mama_wawili:
@mzee_wa_fact dada wa watu kakukosea nini?

tibakazi_dom:
Mi niongelee hiyo ya bi mkubwa maana inaharibu kuliko mnavyodhani. Lawama hizo ni za zamani, hata yule daktari wa watoto wa Marekani, Leo Kanner, alivyoandika kuhusu usonji 1943 aligusia ubaridi wa wazazi, halafu miaka ya 60 Bruno Bettelheim, aliyekuwa na shule ya watoto kule Chicago, akaishikia bango kabisa kwamba kosa ni la mama. Akina mama Marekani waliteseka sana na hiyo. 1977 watafiti Folstein na Rutter wakaangalia mapacha kule Uingereza, kwenye jozi 11 za wanaofanana jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji, kwenye jozi 10 za wasiofanana hakuna hata moja, yaani mambo ya kurithi yamo na malezi hayahusiki. Sasa mkuu, mama anayesemwa na ukweni halafu halali, nguvu ya kucheza na mtoto ataitoa wapi? Chukua zamu ya usiku hata siku chache kwa wiki, mtoto anazoea yule anayemkuta kila siku kwenye mambo yaleyale, kuoga, kula, kulala. Ukitokea tu saa mbili usiku na pipi we ni mgeni.

Ngara_dad:
Niko Nairobi, kijana wangu yuko kwa unit ya usonji pale City Primary. Alikuwa ananiuma na kunipiga, nikadhani ananichukia, kumbe ni kiu na hana njia ya kuniambia. Tulipoanza kadi za picha, ya maji, ya choo, ya "imetosha", fujo ikapungua sana na tukaanza kusikizana. Haongei mpaka wa leo lakini tunaelewana kuliko mimi na huyu wangu wa form two, ukweli wa Mungu.

BabaK_Mbagala:
Asanteni sana, hiyo ya mapacha bi mkubwa ataisikia Jumamosi hii hii. Wangu vifuniko hana habari navyo, yeye ni feni, anaweza kuiangalia hata lisaa. Nikae nae tu tuangalie feni?

mama_wawili:
Kaa nae. Ila oga kwanza shem 😂