Kikundi cha Barabara ya 12: Mama na Mjomba waende Perth lini?

Salim: Shikamoo Mama. Shikamoo Mjomba. Ratiba ya Australia imekamilika. Siku ya 1 Perth mjini. Siku ya 2 Sydney, lile jumba la opera. Siku ya 3 Uluru, ule mwamba mwekundu. Siku ya 4 kisiwa cha wale wanyama wanaocheka. Siku ya 5 mapumziko. Mnaondoka Desemba 20.

Mjomba Sefu: Marahaba. Mapumziko siku moja tu baba?

Zuhura: 😂😂😂 Salim umeangalia ramani kweli? Perth mpaka Sydney ni zaidi ya kilomita 3,000. Dar mpaka Johannesburg ni karibu kuliko hapo. Na Uluru kutoka kwangu ni zaidi ya kilomita 1,500, jangwa tupu njia nzima. Unataka kuniulia mama?

Salim: Si nchi moja?

Zuhura: Nchi moja ndiyo, lakini bara zima. Mama anakuja Perth kwa mwanawe, atakaa Perth. Sydney ataiona kwenye kalenda.

Da Mwajuma (Muscat): Mwache Salim, amejitahidi. Ila Zuhura, hiyo Perth yenyewe ina nini? Ukituma picha tunaona anga na gari lako.

Zuhura: Da Mwajuma, anga ndilo lenyewe! Huu si mji wa kuzunguka maghorofa. Maghorofa yapo, mtaa mmoja wa St Georges Terrace unayamaliza. Raha ya Perth iko nje, mtoni, ufukweni, porini, na asubuhi mapema. Mtu anayelala mpaka saa nne anaondoka hapa akisema mji umepoa, hauna kitu.

Mjomba Sefu: Mimi naamka alfajiri. Miaka yote ya bandarini hakuna siku jua limenikuta kitandani.

Zuhura: Basi wewe Mjomba ndiye mgeni wa Perth hasa.

*Mama ametuma ujumbe wa sauti (1:12)*

Kidawa: Bibi anasema Desemba kuna baridi au joto, maana ameambiwa huko mambo ni kinyume. Na anauliza mabegi mangapi, anataka kuleta dagaa, ukwaju, achari, mbegu za mchicha na asali ya Handeni. Halafu amekohoa kidogo na kumuita paka.

Zuhura: 🤣 Mama shikamoo. Nianze na begi kabla hujanunua kitu. Mbegu usibebe kabisa. Asali nayo usibebe, huku jimboni kwetu, Australia Magharibi, wanalinda nyuki wao vibaya sana, hata asali ya majimbo mengine ya Australia hairuhusiwi kuingia hivi hivi. Hivyo vyakula vingine, kwenye ndege mtapewa fomu, kila cha kula mnaandika NDIYO. Ukitangaza wakakikataa, wanakitupa tu, hakuna faini. Ukificha, mbwa akanusa, faini yake inauma, na viza wanaweza kuifuta palepale.

Salim: Mbwa wa kunusa dagaa?

Zuhura: Mbwa wa kunusa chakula kwa jumla, ndiyo kazi yake. Mama, mchele, nazi, mihogo ya kugandisha, vyote vipo kwenye maduka ya Waasia. Unga wa sembe uko kwenye maduka ya Wasauzi, wamejaa sana hapa. Nyama ya mbuzi halali ipo. Njoo na kanga na nguo.

*Mama ametuma ujumbe wa sauti (0:09)*

Kidawa: Bibi anasema "haya, ila achari nitaandika ndiyo."

Zuhura: 😂 Sawa mama. Sasa hali ya hewa. Desemba na Januari ndiyo kiangazi chetu. Joto linafika 38, 40, na ni kavu, si kama la Tanga la kutokwa jasho. Shule zimefungwa, boti za kisiwani zinajaa, bei juu. Alasiri ndiyo unatoka upepo wa baharini wa kusini magharibi, wenyeji wanauita Fremantle Doctor, Daktari wa Fremantle, maana mji wote unapata nafuu ukiingia. Lakini ukiwa ufukweni saa tisa alasiri mchanga wote unakuingia machoni. Ndiyo maana watu wanaogelea asubuhi.

Mjomba Sefu: Kumbe na nyie mna kusi yenu

Zuhura: Tunayo Mjomba, tena ina ratiba kuliko mabasi. Mimi nasema njooni Oktoba mwanzoni. Mchana nyuzi 20 na kitu, usiku kibaridi, sweta moja nzito inatosha. Mvua za Julai zimeshapungua. Na maua!

Da Mwajuma (Muscat): Maua tu?

Zuhura: Ngoja nikueleze. Kuna bustani inaitwa Kings Park, iko juu ya kilima, mji wote na mto Swan uko chini yako. Hekta 400, sehemu kubwa ni msitu wa asili waliouacha ulivyo. Kuingia bure. Septemba mpaka Oktoba maua ya porini ya jimbo letu yanachanua pale. Kuna vile vinavyoitwa everlasting, waridi na vyeupe, vimetandazwa chini eneo zima. Ukikigusa ni kikavu, kinachakarika kama karatasi, na bado kiko hai kimesimama shambani. Mama yangu atakaa pale kutwa, namjua. Na kuna kangaroo paw, ua la jimbo, shina jekundu na kichwa kijani, lina manyoya kabisa, si picha.

Zuhura: Na kuna MBUYU.

Mjomba Sefu: Mbuyu gani tena Australia?

Zuhura: Mbuyu Mjomba. Huku wanauita boab, ni ndugu wa mbuyu wetu, unaota kaskazini kabisa mwa jimbo, Kimberley. Mwaka 2008 kulikuwa na mmoja uko kwenye njia ya barabara mpya. Wenyeji wa kule, Wagija, ndio wenye mti, wakautoa kama zawadi. Ukapakiwa kwenye lori, tani 36, ukasafirishwa kilomita 3,200 mpaka Perth na kupandwa Kings Park. Inakadiriwa una miaka 750. Umepata jeraha kwenye shina wakauhangaikia, na upo mpaka leo.

*Mama ametuma ujumbe wa sauti (0:31)*

Kidawa: Bibi anasema mbuyu wa miaka 750 hauhamishwi hivi hivi, una wenyewe. Anauliza walisoma dua?

Zuhura: Wagija waliuaga kwa sherehe yao kabla haujaondoka, na Wanoongar, wenyeji wa huku Perth, wakaupokea kwa yao. Kwa hiyo Mama, wenyewe waliombwa.

Mjomba Sefu: Hapo sawa. Mimi nipelekeni huo mbuyu, halafu baharini.

Zuhura: Kwako wewe ni Fremantle. Treni kutoka mjini nusu saa tu, ukikaribia unaona bahari dirishani. Bandari inafanya kazi katikati ya mji, meli za makontena zinapita mbele ya watu wanaokunywa kahawa. Kuna makumbusho ya meli zilizozama, wameweka ubavu wa meli ya Waholanzi, Batavia, iliyovunjikia kwenye miamba ya visiwa vya kaskazini mwaka 1629. Mbao zenyewe za wakati ule, umesimama karibu mpaka unaona zilivyoungwa. Na makumbusho ya pili yako ukingoni kabisa mwa bandari, kuna nyambizi halisi mnaingia ndani.

Salim: Mjomba akiingia nyambizini hatoki 😂

Mjomba Sefu: Nitakaa Batavia. Wameziunga kwa misumari au kwa vigingi? Nitakwenda kuangalia mwenyewe.

Zuhura: Soko la Fremantle lipo tangu 1897, lakini hufunguliwa Ijumaa mpaka Jumapili. Msije mkaniambia twende Jumanne. Gereza la zamani lipo hapohapo, walilijenga wafungwa wenyewe waliosafirishwa kutoka Uingereza, limefungwa 1991 tu. Mimi nimeingia, moyo ukawa mzito. Mama asiende.

Mjomba Sefu: Uvuvi je? Mshipi nibebe?

Zuhura: Usibebe, ninao wa kutosha. Kuvua kwa mshipi ukiwa nchi kavu au gatini hakuhitaji leseni, leseni ni ya kuvua ukiwa kwenye boti. Ila samaki wana kipimo na idadi. Unatembea na rula Mjomba, mdogo unamrudisha. Kuna gati moja Woodman Point, jioni jua likizama watu wamejipanga wanavua ngisi. Utakuta Wavietnamu, Wafilipino, Waitaliano wazee. Hamtaelewana lugha na mtaelewana vizuri tu. Kuvua kaa upande huo, msimu umefungwa Oktoba, usijaribu.

Mjomba Sefu: Rula!! Haya

Kidawa: Shangazi Zuhura na wale wanyama wanaocheka???

Zuhura: Quokka, wako kisiwani Rottnest, wenyewe Wanoongar wanakiita Wadjemup. Kilomita 19 kutoka Fremantle, boti nusu saa. Mama bahari inamsumbua, kwa hiyo tutapandia Fremantle, si mjini, maana kutoka mjini ni saa nzima na nusu mnashuka na mto kwanza. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kisiwani, ni baiskeli. Mama na Mjomba watapanda basi linalozunguka, unashuka ufukwe unaoutaka, unapanda linalofuata. Quokka wenyewe watakuja miguuni kwako. Hugusi, hulishi, hata kipande cha mkate, ni kosa na kuna faini. Unakaa chini, unatulia, simu chini karibu na ardhi, atakuja kunusa. Oktoba utaona na watoto wao.

Kidawa: Bibi atanipigia picha au nijiandae kulia

Zuhura: Nitakupigia mimi. Ila pale kisiwani kuna jambo watu wanalipita wakikimbilia selfi. Tangu 1838 kwa karibu miaka 100 kilikuwa gereza la wenyeji, wanaume na wavulana walioletwa kwa minyororo kutoka jimbo zima. Zaidi ya 370 walifia pale. Makaburi yako karibu na gati, hatua chache kutoka zilipo nyumba za wageni. Tukifika tutapita pale kwanza, kwa adabu, ndipo twende kwa quokka.

*Mama ametuma ujumbe wa sauti (0:14)*

Kidawa: Bibi anasema "tutapita."

Da Mwajuma (Muscat): Allah awarehemu. Haya na madukani? Mimi nikija usiku ndiyo natembea.

Zuhura: Da Mwajuma, hapo utanuna. Maduka mengi siku za kazi saa kumi na moja na nusu jioni yamefunga. Alhamisi ndiyo yanachelewa mpaka saa tatu usiku. Jumapili makubwa yanafunguliwa saa tano asubuhi, saa kumi na moja jioni kwisha.

Da Mwajuma (Muscat): Saa tatu usiku ndiyo mimi natoka nyumbani 😳 mji gani huo

Zuhura: Mji wa watu wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia mtoni. Lakini Northbridge usiku kuna vyakula, William Street nzima. Na juu kidogo mtaa huohuo ndiyo kuna Msikiti wa Perth, msingi wake uliwekwa 1905, walichanga Waafghani wenye ngamia na wafanyabiashara wa Kihindi. Mjomba Ijumaa utaswali pale.

Salim: Na usafiri? Ukiwa kazini Mama atafungiwa ndani?

Zuhura: Kwani mama yako hajui kupanda gari? Mabasi ya CAT mjini ni bure. Ukiwa na kadi ya nauli, SmartRider, Jumapili treni na mabasi yote bure. Kuna pantoni kutoka Elizabeth Quay kuvuka mto kwenda South Perth, dakika chache, mnashukia karibu na bustani ya wanyama. Treni ya kusini inafika Mandurah, kule pomboo wanaingia hadi kwenye mifereji ya mji. Wazee wawili na kadi zao, wataninyanyasa.

Salim: Basi kodini gari mwende Pinnacles, nimeona picha, mawe yamesimama jangwani.

Zuhura: Hiyo ndiyo safari moja ningeibakiza kwenye ratiba yako, na wala haimo ndani yake 😂. Masaa mawili kaskazini. Nguzo za chokaa maelfu, zimesimama kwenye mchanga wa njano, nyingine zinamzidi Mjomba. Tutaondoka baada ya swala ya alfajiri, chakula cha mchana Cervantes, kijiji cha wavuvi wa kambakoche, na magharibi haitukuti njiani. Jioni kangaruu wanavuka barabara, gari dogo likimgonga ni hasara ya wote wawili. Na Mama, nzi wa kule hawaumi, wanakaa tu usoni. Mtandio utakusaidia.

*Mama ametuma ujumbe wa sauti (0:22)*

Kidawa: Bibi anasema mafuta ya jua uliyotaja mwaka jana ni ya wazungu, yeye ngozi yake ni ya Tanga.

Zuhura: Mama jua la huku haliulizi mtu katoka wapi. Utapaka na kofia utavaa. Hapo sibishani.

Mjomba Sefu: Dada, vaa kofia tu.

Zuhura: Jamani huku saa nne usiku na nina zamu ya alfajiri. Salim futa Desemba, futa Sydney. Wiki mbili, siku tatu za kutembea kila wiki, zilizobaki ni mtoni na nyumbani.

Salim: Nimeona Oktoba 3 kupitia Doha. Na nyingine kupitia Johannesburg, ile ina kusubiri kwingi lakini nafuu.

Mjomba Sefu: Doha. Miguu yangu haitaki kusubiri.

*Mama ametuma ujumbe wa sauti (0:06)*

Kidawa: Bibi anasema Doha. Halafu anauliza asali wanaitupa kweli au wanakula wenyewe.

Da Mwajuma (Muscat): 🤣🤣🤣

Salim: Nitumieni picha za pasipoti nianze viza. Mjomba, ile yenye uso wote, si ya kofia.