Tupeane uzoefu: Filamu ilikutambulisha vipi kabla hujafungua mdomo?

MtuWaLongido

Wakuu, habari za jioni. Mada hii nimekaa nayo moyoni miaka mingi, leo naitoa.

Mimi ni Mmasai wa Longido, kazi yangu uhasibu, naishi Dar. Mwaka 2014 rafiki yangu mpiga kamera alinipeleka lokesheni, nyumba ya kukodi huko Mbezi. Aliyepangiwa kucheza mlinzi hakutokea. Mwongozaji akanitazama masikio, yametobolewa, akasema, "Wewe hapo, utafaa." Nikapewa lubega jekundu lenye mikunjo ya dukani, na rungu. Sentensi yangu ilikuwa moja: "Bosi hayupo, ametoka na gari."

Nikaisema. "Kata! Ongea Kimasai, bwana." Nikadhani anataka Maa, lugha yetu, nikaisema kwa Maa. Watu wakaangua kicheko. "Siyo hivyo. Ongea kile Kiswahili chenu: ile bosi iko nakwenda na ile gari." Nilirudia mara tano mpaka akaridhika. Nikalipwa elfu kumi na tano.

Filamu ikatoka kwenye DVD. Mama yangu akaja kuiona kwa jirani, akanipigia simu usiku. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, mbona unaongea vile? Si tuliuza ng'ombe ukasome?" Nilikosa la kumjibu.

Babu yangu kweli husema "ile mtu". Maa inagawa majina kwa ume na uke, ol- na en-. Haina hizi ngeli zetu za M-WA na KI-VI. Mzee amejifunza Kiswahili ukubwani, mnadani, bila mwalimu. Ile jitihada yake, filamu imeichukua ikaifanya alama ya ujinga. Hata hilo "yero" mnalotuitia mjini linatokana na neno tunalomwitia kijana mdogo. Mtu mwenye wajukuu anaitwa hivyo getini na watoto wa mwenye nyumba, maana ndivyo walivyosikia kwenye runinga.

Karibuni. Filamu ilikuambia wewe ni nani?

BintiWaWete

Pole sana kaka yangu. Mimi Mpemba, nina duka la vitenge Kariakoo. Kwenye filamu, mganga akitakiwa awe mkali kweli, basi katoka Pemba. Kanzu, kofia, chetezo, macho yametumbuliwa, lafudhi ya kubandika.

Mwaka juzi alikuja mteja, dada mstaarabu tu, akachagua doti mbili, akalipa. Aliposikia natoka Wete akarudi mpaka kaunta, akainama, akaninong'oneza: mume wake kahama nyumba, nimwelekeze kwa mtu wa kwetu. Alikuwa analia. Nilimwambia dada, kwetu mimi nimeacha baba anayeanika karafuu barazani na mama anayesuka ukili. Hakuniamini. Alidhani namficha kwa sababu hajatoa pesa ya kutosha, akafungua pochi tena.

Nisichosahau ni ile pochi. Mtu ana shida ya kweli, na anachokijua kuhusu Pemba amekipata kwenye filamu ya saa moja na nusu.

Nilipoona Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, nilikaa mpaka majina yote yakaisha kupita. Unguja ya miaka ya 1950, vijana wanapanga kumtoa Mwingereza, binti wa Kihindi anakataa ndoa aliyochaguliwa. Wazanzibari wenye siasa, wenye mapenzi, wenye makosa yao. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Mwl_Kofia

Mimi nina ualbino, nafundisha hisabati sekondari. Nitasema kidogo.

Kwenye filamu zetu mtu kama mimi anaingia ili auawe, au ili awe na nguvu za giza. Kwa nchi iliyozika watu kwa imani hizo hizo, mtunzi angepaswa kushika kalamu kwa hofu. Lakini na huko ng'ambo ni hivyo hivyo. The Da Vinci Code ya 2006 ina muuaji mwenye ualbino anayewinda watu usiku na bastola. Wakuu, sisi wengi wetu macho yana uoni hafifu tangu kuzaliwa. Mimi shuleni nilikaa dawati la mbele kabisa na bado nilikuwa nanyanyuka kwenda kusoma ubaoni. Leo nikisahihisha daftari nalisogeza mpaka pua iguse karatasi.

Kofia pana, mafuta ya kuzuia jua, miwani, daftari lililo karibu na uso: sijapata kuiona filamu iliyonionyesha hivyo.

Karani77

Wahaya tunajisifu, Wachaga wanapenda hela, Wakurya wanapiga wake. Nimemaliza orodha ya waandishi wote.

Eastleigh_Kijana

Salamu kutoka Nairobi. Mimi ni Msomali, Mkenya kwa kuzaliwa. Nilikuwa kidato cha tatu wakati Captain Phillips ilipotoka 2013, ile ya meli ya Maersk Alabama iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Aprili 2009. Wiki iliyofuata kila mtu bwenini akawa ananiita Kapteni. Hata mwalimu wa zamu. Nilikuwa nafungua shuka asubuhi, mtu anapita anasema lile neno la yule haramia, "Mimi ndiye kapteni sasa," kwa sauti ya kukwaruza.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema niliichukia yote. Barkhad Abdi, aliyecheza haramia Muse, alizaliwa Mogadishu, akakulia Yemen, kisha familia ikahamia Minneapolis, na alikuwa dereva wa limousine kabla ya hapo. Hakuwa amecheza filamu yoyote. Akateuliwa kuwania Oscar, akashinda BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza. Nyumbani kwetu siku hiyo mjomba alinunua soda za wote. Na mle ndani kuna mahali Muse anaeleza kwamba meli kubwa za nje zilichota samaki wote, wao wakabaki bila cha kuvua. Dakika moja hivi. Dakika hiyo nilikuwa nairudia kwenye simu, nikitamani bweni zima waisikie. Wao walikuwa wamebeba lile neno moja tu.

Hadi leo sijui niiweke wapi filamu ile.

MwandishiWaMuswada

Nimesoma zote, nimesita kuandika. Mimi ndiye mnayemsema. Niliandika miswada ya filamu za Bongo kuanzia 2008 mpaka soko la DVD lilipokufa.

Mambo yalikuwa hivi. Filamu ilipigwa kwa siku chache, wiki mbili ukibahatika, na hadithi ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili. Msambazaji alitaka kwanza kuona jalada. Akiliangalia na haelewi hapo hapo nani tajiri, nani mchawi, nani mshamba, hachukui. Mwandishi unajifunza upesi: lubega linaokoa kurasa tatu za maelezo. Lafudhi inaokoa mbili. Hausigeli mpe kanga ya kiunoni na umtoe Singida, watu watamjua.

Nilikuwa nasema mtazamaji ndiye anayetaka. Simu ya mama yako, MtuWaLongido, imeniondolea kauli hiyo. Mama ni mtazamaji, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa naandika tamthilia, na nina mlinzi kwenye sehemu ya nne. Kwa heshima zote ndugu yangu: akae getini, sawa, walinzi wapo. Ila aseme nini?

MtuWaLongido

Mkuu, ahsante kwa kusema ukweli. Sina kinyongo.

Binamu yangu analinda Mikocheni, kwa hiyo nakueleza ninachokijua. Saa kumi na mbili jioni, kabla ya kuwasha taa za nje, anapiga simu nyumbani kuuliza kama mvua imenyesha na upande gani. Anauliza kila ndama kwa rangi yake. Jumapili akipata nafasi anakwenda Pugu mnadani kusikiliza bei, kwa sababu mshahara wa getini unanunua mitamba, na anajua ukame wa 2009 ulivyomwachia baba yake ng'ombe wanne. Bosi akitoka na gari anamfungulia. Akiulizwa yuko wapi, atajibu hayupo, ametoka.

Kisha atarudi kwenye simu, maana salio linakwisha na hajafika kwa yule ndama mwekundu.