Nimenunua basi la shule lililotumika: niliendeshe kilomita 1,100 hadi nyumbani?

Muulizaji
Wakuu, habari zenu. Nimenunua basi lililokuwa likibeba wanafunzi, viti vyote bado vimo, na liko kilomita 1,100 kutoka ninapoishi. Nililikagua nusu saa tu. Injini iliwaka mara moja, moshi mweusi hakuna. Aliyeniuzia anasema limekaa uani miezi minane. Breki zake ni za upepo, mimi nimezoea lori dogo lenye breki za mafuta. Leseni ya daraja hilo ninayo, bima nimekata. Nataka kuondoka alfajiri nifike usiku huohuo. Nitakuwa na mdogo wangu, ila yeye haendeshi. Kuna kitu sijakiona?

Jibu la kwanza
Hongera sana mkuu. Langu nililitoa kilomita 860 na lilinilaza njiani, kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu.

Anza na tairi, na usiishie kutazama meno. Basi la shule hutembea safari fupifupi, tairi huzeeka kabla meno hayajaisha. Ubavuni tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Zikiwa na nyufa au zimepita miaka kumi, badilisha, na za mbele zitangulie. Ya mbele ikipasuka kwenye mwendo, kulishika basi barabarani ni kazi kubwa mno.

Kilichonilaza mimi ni dizeli. Gari likikaa, uchafu hutuama chini ya tangi. Ukiingia barabara kuu unatibuka wote na kukimbilia kwenye filta. Langu lilianza kukosa nguvu mlimani, kisha likazima kabisa. Filta ya akiba nilikuwa nayo, lakini sikuwahi kutoa hewa kwenye njia ya mafuta, na giza lilikuwa limeshaingia. Nunua filta mbili. Moja ibadilishe palepale uani kwa mikono yako, aliyekuuzia akiwa pembeni.

Halafu hiyo ya kufika siku moja, hapana. Mabasi mengi ya shule hayakufungiwa gia za mwendo mkubwa. Ukienda 80 kwa saa, hizo ni karibu saa 14 za usukani bila kusimama, na dereva ni wewe peke yako. Lala njiani.

Jibu la pili
Mimi ni fundi, naongezea breki. Weka vizuizi kwenye magurudumu, jaza upepo hadi geji isome kama psi 120 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), zima injini, achia breki ya kuegesha. Sindano isishuke zaidi ya psi 2 kwa dakika. Kisha kanyaga pedali ushikilie: ikishatulia, isizidi psi 3 kwa dakika. Mwisho washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga na kuachia mfululizo. Kengele ya kuonya upepo unaisha lazima ilie kabla sindano haijashuka hadi psi 55. Isipolia, basi lisitoke uani. Fungua pia koki za matangi ya upepo, maji yatoke.

Mteremkoni ingia gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Kila ukisimama, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu. Moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake inashika au beringi inakufa. Kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 80 za mwanzo.

Jibu la tatu
Ziba maandishi ya shule na taa za kusimamisha magari, wengine wasije wakasimama bure. Na ukikata kona angalia mkia, unatupa nje kuliko wa lori lako.

Muulizaji
Asanteni sana, ndugu zangu. Nimetoka kusoma tairi sasa hivi kwa tochi. Za nyuma zote ni 2019. Mbili za mbele ni 4109, na moja ina ufa unaoingiza ukucha. Safari nimeisogeza hadi Jumamosi, tutalala njiani. Kesho asubuhi zinafungwa mpya, na filta nitaibadilisha mwenyewe.