Meya mchapakazi kweli mnamtambuaje? Nina mdahalo wa wagombea, nisaidieni

Mpiga Kipenga
Wakuu habari za muda huu. Nimepewa kazi ya kuendesha mdahalo wa watu wanaogombea umeya na tangu jana nimekaa na karatasi naandika nafuta. Nimesoma sera zao wote, jiji safi, ajira kwa vijana, barabara, uwazi, yaani ukifuta majina pale juu huwezi kujua ipi ya nani. Mmoja anasifika kwa ziara za kushtukiza, anatoka alfajiri na waandishi nyuma yake, anafokea watumishi, klipu zinasambaa mpaka basi. Mwingine mpole, huwezi hata kumsikia. Watu wanasema huyo wa kwanza ndo ana kasi ila mimi moyo unasita. Hivi nyie mnaangalia nini hasa? Msiniletee "awe mwadilifu na mwenye maono", hilo hata mimi nalijua.

Kona Mbaya
Angalia viatu. Vikiwa na vumbi siku ambayo hamna kamera, mpe kura.

Daftari la Zamani
Kaka Kipenga, mimi nimekaa miaka sita kwenye dirisha la malalamiko, jiji moja hivi sitalitaja, nimepitiwa na mameya watatu kwa hiyo haya nayasema nimeyaona. Wa kwanza alikuwa wa kushtukiza kama huyo wako. Kulikuwa na chemba haina mfuniko karibu na shule, watoto wanairuka kila asubuhi, akaja na buti zake za mpira akasimama pembeni ya shimo akamfokea injinia mbele ya kamera mpaka jamaa anatetemeka, watu makofi, mfuniko ukaletwa siku ile ile. Safi kabisa. Ila mimi pale dirishani nilikuwa na chemba nyingine zaidi ya arobaini zimeandikwa daftarini na hakuna aliyeuliza hata moja. Na mafundi nao wakajifunza kwamba kazi inafanywa meya akija, asipokuja tulia.

Wa pili hata sauti yake siikumbuki.

Wa tatu alikuwa mama mmoja mtaratibu sana. Siku ya kwanza hakuitisha kikao, alikuja dirishani kwangu akavuta kiti akaomba daftari, akawa anapitisha kidole kwenye tarehe, hili limepokelewa lini, limefungwa lini, nani kasaini? Nikamwambia mama hiyo safu ya kufunga huwa hatuijazi. Akanyamaza kidogo, akasema kuanzia leo lalamiko halifungwi na aliyelifanyia kazi, linafungwa na aliyelileta. Maana yake tunampigia mwananchi simu, imetengenezwa? Akisema ndio ndo unapiga mstari. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu, fundi kaandika imekamilika, unapiga simu mtu anakujibu imekamilika nini wakati hata hawajafika. Ndo tukagundua tatizo sio uvivu peke yake, stoo haina mifuniko kwa sababu inanunuliwa mara moja kwa mwaka, alafu ya chuma ikiwekwa inang'olewa usiku inaenda kuuzwa chakavu. Mama akabadilisha, ikawa inamwagwa ya zege. Hakuna mtu aliyerusha klipu ya mfuniko wa zege. Huyo kwangu ndo alikuwa na kasi.

Bibi Ramani
Daftari umeongea, ila nikupinge kidogo. Ufuatiliaji peke yake unakupa jiji lile lile lenye chemba nzuri. Kuna wakati kiongozi inabidi ageuze kitu kizima na hapo ndo utamjua. Jaime Lerner, meya pale Curitiba, Brazil, alikuwa msanifu majengo, mwaka 1972 aliamua barabara kuu ya maduka katikati ya mji iwe ya watembea kwa miguu tu. Alijua akisubiri wenye maduka wataenda mahakamani, kwa hiyo kazi ilianza Ijumaa jioni, wamechimba wametandaza wamepanda maua, saa 72 kitu kimekwisha. Wenye magari wakapanga kuja kuivamia wapite kwa nguvu, wakakuta ametandaza karatasi ndefu njia nzima na watoto wamekaa chini wanachora. Nani atapitisha gari hapo? Baadae hao hao wenye maduka wakataka zaidi. Mwaka 1974 akaleta mabasi ya njia yake yenyewe na miji mingi imeiga mpaka leo, maana hakuwa na pesa ya treni ya chini ya ardhi akasema acha basi lifanye kazi ya treni.

Kilichonivutia zaidi ni habari ya taka. Mitaa ya mabanda gari la taka lilikuwa haliingii, njia nyembamba. Badala ya kupeleka tingatinga wakawaambia watu leteni mfuko wa taka mpaka barabarani mnapewa tiketi za basi, baadae na chakula. Pesa ile ile ambayo ingelipa gari.

Hesabu Kwanza
Dada Ramani hadithi tamu ila kuna kipande umekiruka. Lerner miaka hiyo ya 70 hakupigiwa kura, aliteuliwa wakati wa utawala wa kijeshi. Ukiteuliwa na wanajeshi ni rahisi kuchimba barabara Ijumaa jioni, nani atakuuliza? Kura ya wananchi alikuja kushinda mwaka 1988. Sisemi hakuwa mzuri, nasema Kipenga ana wagombea sio wateule, kwa hiyo mfano wake uwe wa mtu ambaye angeweza kunyimwa kura.

Chukua Ken Livingstone aliyekuwa meya wa London. Alisema wakati wa kampeni kabisa kwamba atawatoza wenye magari wanaoingia katikati ya jiji, hakuficha. Februari 2003 akaanza, pauni 5 kwa siku, magazeti yakamrarua, na sheria ikasema hela hiyo iende kwenye usafiri sio kwingine, na mabasi yaliongezwa ili aliyeacha gari apate pa kupanda. Mwaka 2004 akachaguliwa tena. Hapo utaona mtu amewaudhi watu makusudi lakini amejipanga.

Na swali la hela mbona hamligusi? Meya asiyejua makusanyo yake ni mshereheshaji tu. Joseph Chamberlain alikuwa meya Birmingham, Uingereza, 1873 mpaka 1876, miaka mitatu tu, jiji likanunua kampuni za gesi na ya maji, na faida ya gesi ikaingia kwenye kuendeleza mji. Alikuwa mfanyabiashara wa skrubu huyo, hesabu alikuwa nazo kichwani. Muulize mgombea wako bajeti ya jiji inatoka wapi kwa mafungu, akianza kusema "tutatafuta wafadhili" umeshampata.

Bibi Ramani
Sawa hilo la kuteuliwa nalikubali, nililiruka. Basi chukua Antanas Mockus, meya wa Bogotá kule Colombia, huyo alipigiwa kura, aliingia 1995, mwalimu wa hesabu na falsafa, hana chama kikubwa nyuma yake. Aliweka waigizaji wa bubu kwenye makutano ya barabara, dereva akisimama juu ya alama za wavukaji bubu anamuigiza mbele za watu mpaka anaona aibu anarudisha gari. Watu walicheka meya kichaa. Ila kwenye awamu yake ya pili akaomba wananchi walipe kodi asilimia 10 zaidi kwa hiari, na watu kama 63,000 wakalipa. Kwa HIARI Hesabu! Nionyeshe mfokaji yeyote anayeweza kupata hiyo.

Hesabu Kwanza
😂 hapo umenifunga.

Meza Ndogo
Mnaongea vizuri ila wote mnaongea kama mko juu ghorofani. Mimi nauza barabarani. Kila meya "mwenye kasi" akija sisi ndo wa kwanza kusombwa. Huyo Enrique Peñalosa, meya mwingine wa Bogotá mnayempenda nyie wa mabasi, aliondoa magari yanayoegeshwa juu ya njia za miguu, sawa, nikampongeza, wenye magari wakataka kumng'oa madarakani, lakini wachuuzi nao aliwaondoa. Seoul nako walibomoa barabara ya juu mwaka 2003 wakafufua mto uliokuwa umefunikwa, 2005 ukafunguliwa, picha nzuri sana, lakini wachuuzi kibao walikuwa pale na ikabidi wahame. Mimi mara ya mwisho nilihamishiwa sehemu ina paa, ina vyoo, ina kila kitu isipokuwa wateja. Nilikaa wiki tatu nauza kwa wenzangu na wao wananiuzia mimi. Aliyepanga pale hajawahi kusimama hata nusu saa kuhesabu watu wanapita wapi.

Muulize mgombea, ukinihamisha mteja wangu utamhamishaje?

Daftari la Zamani
Hili la Meza ni zito. Yule mama wetu ndo alipokosea hapo hapo, sikuandika mwanzo maana nilikuwa namsifia. Aliwahamisha wauza nguo kwenda upande ambao hauna kituo cha basi, lalamiko likaja dirishani kila siku na kwa utaratibu wake mwenyewe hatukuweza kulifunga, maana aliyelileta hasemi ndio. Likakaa wazi miezi minne mpaka kituo kikasogezwa.

Mpiga Kipenga
Nimesoma yote asanteni sana, tena mmenikosesha usingizi. Nimefuta maswali yangu ya mwanzo. Nitabaki na haya: mapato ya jiji yanatoka wapi na fungu gani linavuja. Kitu gani utafanya mwaka wa kwanza ambacho kitawaudhi waliokupigia kura, na umewaandalia nini. Lalamiko likifika ofisini kwako nani anasema limekwisha. Na la Meza Ndogo kama lilivyo, neno kwa neno. Dakika mbili kila swali. Sasa wakianza kunijibu "tutaunda kamati ya wadau" nifanyeje?

Daftari la Zamani
Uliza kamati itakutana lini, mwenyekiti nani, na kalamu uishike hivyo aione. Mimi niliona mama anavyofanya, watu wanatajaga tarehe wenyewe.

Kona Mbaya
Au zima maiki.