Mimba mbili zimenitoka, sasa naambiwa huenda ni lupasi. Nijaribu tena au nisubiri?

BintiChake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wenye ujuzi na waliopita njia hii, khasa wanawake wenzangu.

Nina miaka 31, naishi Chake Chake, nasomesha skuli ya msingi. Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa changa, miezi miwili hivi, nikaambiwa hayo hutokea, nikashukuru. Ya pili ilifika mwezi wa tano. Nilikwenda kliniki kama kawaida, mkunga akaweka kile kidude cha kusikilizia mapigo, akakihamisha huku na huku, akanyamaza, akamwita mwenzake. Mapigo hayakuwepo. Nilimzaa akiwa keshafariki, mtoto wa kiume, kamili kwa kumtazama.

Tangu hapo mwili haujakaa sawa. Nikiamka vidole vimekaza, kipindi cha mwanzo nikishika chaki inaniponyoka. Nywele zinanyonyoka, mdomoni natoka vidonda ambavyo wala haviumi, na nikisimama juani kwenye gwaride la asubuhi uso unaiva mashavuni mpaka juu ya pua. Daktari amenipima ANA, kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili zinazoushika mwili wenyewe, imetoka chanya. Kaniambia huenda ni lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, huenda siyo, akaniandikia rufaa ya bingwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Bado sijenda.

Jambo jengine, sijui kama linahusu: kwenye mimba ya pili kliniki waliniambia nina kaswende. Tukachomwa sindano mimi na mume wangu, ingawa yeye alipopimwa hakuonekana nayo. Hilo lilipita.

Mavyaa anasema ni chango na kijicho cha watu, anataka nikanywe dawa za mizizi. Mie namheshimu, amenilea kama mwanawe. Lakini nina hamu ya mtoto, umri unakwenda, na naogopa kumpoteza wa tatu. Nijaribu sasa hivi kabla ugonjwa haujakua, au nisubiri? Na hizo dawa za lupasi zinazuia uzazi?

UmmuKheri

Wa alaykumu ssalaam. Pole sana mwanangu, Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi. Mie mtu mzima, chango nalijua, na katika ukoo wetu wapo waliotibiwa chango wakazaa. Lakini hili la vidole na vidonda vya mdomo na uso kuiva, silo chango ninalolijua mie. Nenda hospitali mapema. Dua isikatike, na mavyaa wako umueleze kwa upole, asije akadhani umemdharau.

Mkunga wa Mjini

Dada, pole kwa mtoto wako. Nimefanya kazi wodi ya wazazi hapa Unguja miaka mingi. Siwezi kukupima humu ndani, lakini kuna sentensi umeipitia mbio na mie nimesimama hapo hapo: kaswende.

Angalia kadi yako ya kliniki, kipimo kilikuwa gani? Kama ni VDRL au RPR, hicho hakimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Kinatafuta kingamwili zinazoshika kadiolipini, ambayo ni aina ya mafuta. Mgonjwa wa kaswende anakuwa nazo. Na mtu mwenye lupasi, au mwenye ugonjwa wa kingamwili za fosfolipidi, anaweza kuwa nazo bila kuguswa na kaswende maisha yake yote. Kwa hiyo omba sasa kipimo cha TPHA, kinachotafuta kingamwili za mdudu huyo khasa. Aliyewahi kuugua kweli, TPHA yake kwa kawaida hubaki chanya hata baada ya kutibiwa, basi hujachelewa kukifanya. Kikitoka hasi, chukua karatasi zote mbili umuonyeshe bingwa, maana hiyo ni dalili nzito na inakwenda sambamba na mimba zako.

Huo ugonjwa wa kingamwili za fosfolipidi ni huu: kinga ya mwili inatengeneza kingamwili zinazofanya damu igande kwa urahisi kuliko inavyotakiwa, na kondo la nyuma linaharibika, mtoto anakosa chakula na hewa. Uliandikwa kwa mara ya mwanzo na daktari Graham Hughes na wenzake London mwaka 1983, ndiyo maana wengine wanauita ugonjwa wa Hughes. Mie chuoni sikufundishwa, nimekuja kuujua wodini. Mtu anaweza kuwa nao peke yake, au ukafuatana na lupasi. Mimba kufia tumboni baada ya wiki 10 huku mtoto anaonekana hana kasoro, hata ikiwa moja tu, inatosha kumfanya daktari autafute.

Unatafutwa kwa vipimo vitatu vya damu: kingamwili za kadiolipini, kingamwili za beta-2 glaikoprotini, na kile kinachoitwa kizuia-mgando cha lupasi. Jina hili la tatu lisikuchanganye, mtu anaweza kuwa nacho na hana lupasi, na ndani ya mwili kinagandisha damu badala ya kuizuia isigande. Kikitoka chanya chochote, lazima kirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, kwa sababu maradhi ya kupita kama homa yanaweza kuzizusha kingamwili hizi kwa muda kisha zikaondoka. Usikubali kupewa jina la ugonjwa kwa kipimo kimoja.

Na hili nakwambia kwa kuwa uko Pemba: damu ya kile kipimo cha tatu hutolewa kwenye chupa ya kifuniko cha buluu, na inatakiwa majimaji yake yatenganishwe na kuwekwe kwenye friza ndani ya saa chache. Ikisafirishwa na boti ikiwa mbichi, majibu hayaaminiki. Uliza maabara mapema kabla hujatolewa damu. Ikiwa hawana uwezo huo, ni bora uvuke wewe ukatolewe kule kule kinakopimwa.

Sasa swali lako. Ushauri wangu ni usubiri, na sababu yake ni kwamba tiba ipo. Ikithibitika ni kingamwili hizo, mama hupewa aspirini ya kiwango kidogo, na akishika mimba huongezewa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, chini ya ngozi ya tumbo kila siku mpaka karibu na kujifungua, kisha huendelea wiki 6 hivi baada ya uzazi. Kwa tiba hiyo zaidi ya wanawake 7 kati ya 10 hupata mtoto hai. Ukikimbilia kushika mimba kabla ya vipimo, unaingia tena mikono mitupu.

Mkulima wa Mwani, Paje

Dada, mie nina lupasi yenyewe, imethibitishwa, na nina mtoto wa kike anakwenda chekechea. Nakuandikia ili ujue inawezekana.

Mie ilinianzia baharini. Bamvua tunashuka maji yakipwa tunafunga mwani, jua liko juu na jengine linarudi kutoka majini. Wenzangu wanapanda wamechoka tu, mie napanda uso umevimba na homa usiku kucha. Nilipewa dawa za baridi yabisi mpaka nikakinai. Baadae figo zikaguswa, mkojo ukawa unatoka povu, ndipo nikapelekwa kwa bingwa.

Yeye aliniambia hivi: ugonjwa utulie miezi 6 angalau kabla ya mimba, khasa figo. Nilikuwa natumia mikofenoleti kwa ajili ya figo, akaniambia hiyo inadhuru mtoto tumboni, akanibadilishia azathioprini, kisha tukangoja tuone kama ugonjwa unabaki umelala. Metotreksati nayo ni hivyo hivyo, haifai kabisa na mimba. Lakini haidroksiklorokwini aliniambia nisiiache hata siku moja, kabla ya mimba, ndani ya mimba na nikinyonyesha. Mama yangu alinikatalia, anasema mwenye mimba hamezi vidonge. Nilimpeleka kliniki akaelezwa na daktari mwenyewe: wanaoiacha ndio ugonjwa unaowaamkia katikati ya mimba. Ni dawa iliyotoka kwenye dawa za malaria, madaktari wana uzoefu nayo wa miongo mingi. Ila macho unapimwa kabla ya kuanza au mapema, na unaendelea kupimwa.

Kwa hiyo swali lako kama dawa zinazuia uzazi: nyingi hazizuii. Ipo moja, saiklofosfamaidi, inayotolewa ugonjwa ukiwa mkali, hiyo inaweza kuharibu mayai, basi wakikutajia hiyo sema mapema kwamba bado unataka mtoto.

Mimba yangu haikuwa ya kulala. Presha na mkojo kila kliniki. Nilikuwa na kingamwili zinazoitwa anti-Ro, ambazo zinaweza kupita kwenye kondo zikamgusa mtoto moyo. Waliniambia inatokea kwa watoto 2 hivi kati ya 100, wakawa wananipima moyo wa mtoto kwa altrasaundi kuanzia wiki ya 16. Alhamdulillahi alitoka salama. Waulize wakupime na hizo.

Siku hizi jua silichezei. Kamba nafunga barazani, kushuka pwani anashuka mdogo wangu. Wewe mwalimu wako mkuu muombe usisimame gwaride.

BabaSalma

Mie naongea na mumeo. Sisi yalitufika ya hiyo kaswende. Mke wangu alirudi na kadi, nikamuuliza maswali ambayo mwanamke mwema hafai kuulizwa, na yeye akaniuliza ya kwake. Tulilala vyumba mbalimbali. Kipimo cha pili kikaja kuonyesha hakuna aliyekuwa na kaswende kati yetu. Kaka, wewe umekaa na mkeo kwa utulivu, Mungu akulipe. Mfuate Unguja, ingia naye kwa daktari, maana mambo yanayosemwa mle ni mengi na mtu mmoja hayashiki yote. Na wewe kapimwe mbegu, ni kipimo cha siku moja, kitawaondolea shaka moja.

BintiChake

Nimesoma nikalia, halafu nikamsomea mume wangu. Kadi tumeitafuta, imeandikwa VDRL. TPHA hawakufanya.

Mkunga, nina maswali manne kwa idhini yako. Maumivu ya vidole natumia diklofenaki karibu kila siku, ina neno? Wakati wa kusubiri nitumie uzazi wa mpango gani? Na Ramadhani itanikuta kwenye dawa, nifanyeje? Na dawa za mavyaa nimwambie nini?

Mkunga wa Mjini

VDRL chanya, TPHA haikufanywa. Basi anza na hicho, hata kesho.

Diklofenaki ya kila siku siipendi kwako, na sitaki usubiri mpaka umuone bingwa. Kama figo zimeguswa na lupasi bila wewe kujua, dawa hiyo inaziumiza zaidi. Tena kwa mwanamke anayetafuta mtoto, dawa za aina hiyo zikitumika mfululizo zinaweza kuchelewesha yai kupasuka. Muone daktari wako wa hapo Chake, akupime mkojo kama una protini, kazi ya figo, na picha ya damu aangalie chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kama zimepungua. Vipimo hivi havihitaji kuvuka bahari. Na ukiumwa kikohozi au mkojo, mtajie lupasi anayekuandikia dawa, maana dawa za salfa kama Septrin zinaweza kuuamsha ugonjwa kwa baadhi ya watu.

Uzazi wa mpango: vidonge vya kawaida vyenye estrojeni usitumie mpaka majibu ya kingamwili yatoke, kwa sababu vinaongeza kuganda kwa damu. Kondomu au kitanzi vinakutosha. Asidi ya foliki, ile ya mikrogramu 400 kwa siku, unaweza kuanza mapema kabla ya mimba.

Ramadhani muulize bingwa kulingana na hali ya figo. Dawa nyingi za lupasi zinanyweka futari na daku, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Kwa mavyaa, mpokelee dua na kisomo kwa mikono miwili. Mizizi ya kuchemsha mwambie daktari amekukataza kwa sasa, kwa kuwa hatujui inafanya nini kwenye figo na inapishana vipi na aspirini. Mtake aje nawe Mnazi Mmoja kama anaweza. Wazee wakisikia kwa masikio yao, wao ndio wanakukumbusha vidonge.

Ukhti_Wete

Samahani kuingilia. Mie nilipimwa ANA kwa bahati tu, imetoka chanya, lakini sina dalili hata moja na sijawahi kupoteza mimba. Na mie nisubiri?

Mkunga wa Mjini

La. ANA huwa chanya kwa karibu kila mwenye lupasi, lakini huwa chanya pia kwa watu wengi wazima wasio na ugonjwa wowote. Peke yake, bila dalili, haitoshi kumzuia mtu kuzaa. Mueleze tu daktari wako, apime mkojo na presha, na akiridhika endeleeni na mambo yenu.