Tupeane uzoefu: umewezaje kupata nguo zinazokukaa vizuri kwa pesa kidogo?

Mwanzilishi, Kampala
Salaam, ndugu zangu. Nilipoanza kazi ya ofisini nilikuwa na mashati mawili, suruali moja inayobana mapaja na nyingine niliyoifunga mkanda mpaka kiuno kikakunjamana. Nikishalipa kodi ya chumba, boda na posho, kilichobaki ni cha kuhesabu sarafu.

Kosa langu lilikuwa kuamini lebo. Mivumba, yaani mitumba, ya soko la Owino inatoka Uingereza, Marekani, China, na kila nchi ina namba zake. Pa kujaribia hakuna, watu wanakusukuma, na muuzaji anaapa kwamba imekukaa. Ndipo shangazi yangu wa Bombo, aliyeshona magomesi, yale magauni ya heshima ya kina mama wa Uganda, miaka mingi, akachukua shati langu moja linalonikaa sawasawa, akalilaza mezani, akapima bega hadi bega, kwapa hadi kwapa, kisha urefu wa mkono. Vipimo vyote akavifunga mafundo kwenye uzi mmoja. "Uwe nao mfukoni."

Tangu siku ile bega likipita fundo, shati nalirudisha hata likiwa la 5,000. Kiuno kikubwa fundi atakipunguza mishono ya ubavuni. Lakini kurekebisha bega ni kung'oa mkono mzima, na ujira wake unaweza kupita bei ya shati lenyewe.

Nyinyi wenzangu mnafanyaje?

Mama Pacha, Arua
Huku kwetu ni vitenge, Congo ni hapo tu. Nanunua yadi 6 na jirani yangu, kila mmoja yadi 3, gauni linatosha. Ila wapendwa, kitambaa cha pamba kilowekeni na kukianika kabla hakijafika kwa fundi! Mimi gauni langu la Idi nililivaa mara moja. Lilipofuliwa likapanda juu ya magoti na mikono ikabana. Nililia. Sasa analivaa binti yangu.

Fundi wa barazani, Kiyembe
Shangazi yako ni fundi kweli. Mimi naongeza hili: pindua nguo ndani nje kabla hujalipa. Suruali nyingi za kiume zina akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma katikati, hiyo naweza kuipanua. Ukiona kitambaa kimekatwa karibu kabisa na uzi, basi hapo hakuna cha kuongeza, usijidanganye. Tena angalia rangi: nguo ikiwa imepauka, nikifumua mshono utabaki mstari wa rangi ya zamani na kila mtu atauona.

Ukija kukata pindo, njoo na viatu utakavyovaa nayo. Watu wanakuja na ndala, halafu wanarudi kulalamika suruali imekuwa fupi.

Mwalimu, Mbale
Agosti 2023 Rais alipotangaza hapa kwetu kwamba mivumba ipigwe marufuku, nilishikwa na hofu. Nikakimbilia sokoni nikajaza gunia, sikupima hata moja. Mivumba inauzwa hadi leo, na nusu ya gunia lile sijawahi kuivaa. Ile pesa ingenishonea suruali 2 za kunifaa.

Siku hizi sinunui shati lisiloingia na suruali zangu zote 3. Moja nyeusi, moja ya kijivu, moja ya buluu iliyokoza. Mashati 5 yananitosha muhula mzima, na wanafunzi wananiambia nimependeza.

Mwanzilishi, Kampala
Mwalimu, hapo umenigusa, mimi pia nina mfuko wa namna hiyo chini ya kitanda. Fundi, na koti lenye bitana je? Nimelipata, bega liko sawa ila mikono imefika kwenye vidole.

Fundi wa barazani, Kiyembe
Vifungo vya mkononi vina matundu ya kweli au vimeshonewa juu tu? Kama ni vya juu tu, lete. Nitavitoa, nikunje mkono pamoja na bitana, nivirudishe. Ila usilete Ijumaa ukilitaka Jumamosi.