Jumamosi uani kwa Shangazi: James Bond wa 1969

Kikundi: Ukoo na Jirani, Barabara ya 12

[16:04] Shangazi Mwanaidi: Assalaam aleikum wote. Uani pamefagiliwa, mikeka ipo. Watoto wanataka 007. Sasa 007 ni wengi, tunaonyesha yupi?

[16:09] Mjomba Idi: Waaleikum salaam dada. On Her Majesty's Secret Service, ya 1969. Hiyo hiyo, tusihangaike na nyingine.

[16:11] Bakari: Shikamoo mjomba. Si ndiyo ya yule Mwaustralia aliyecheza mara moja akapotea? Kwa nini tusiweke Goldfinger, kila mtu anaifurahia.

[16:19] Mjomba Idi: Marahaba Bakari. Ndiye, George Lazenby, mwanamitindo wa matangazo. Watu wakishasema hivyo wanafunga kitabu, na hapo ndipo filamu inapodhulumiwa. Sean Connery, aliyecheza Bond kabla yake, alikuwa ameondoka baada ya You Only Live Twice ya 1967. Lazenby akachukua nafasi, akatangaza kwamba anaacha hata kabla filamu haijatoka, akafika kwenye uzinduzi London, Desemba 1969, na ndevu na nywele ndefu. Mwaka 1971 Connery akarudi. Kwa hiyo filamu ikabaki haina wa kuitetea: mchezaji wake kaondoka, na waliofuata hawakuwa na sababu ya kuikumbusha. Lakini kaa uitazame kazi yenyewe. Peter Hunt aliyeiongoza ndiye aliyekata picha, yaani mhariri, wa zile za kwanza, pamoja na hiyo Goldfinger yako. Hii ndiyo 007 pekee aliyoiongoza.

[16:21] Bakari: Hilo la Hunt sikulijua. Nasikiliza.

[16:30] Mjomba Idi: Angalia ngumi zake. Hunt anatoa fremu chache, yaani picha moja moja za utepe, katikati ya pigo, mkono unaondoka hapa na tayari umefika pale. Jicho linaamini pigo ni la kasi na zito kuliko lilivyopigwa. Sauti ya ngumi nayo ameipandisha makusudi. Pambano la kwanza ufukweni, lilipigwa picha Guincho huko Ureno, wamo ndani ya maji ya bahari kabisa.

[16:33] Zuhura: Na hapo ndipo naingia mimi 🙋🏾‍♀️ Yeyote anayeitazama kwenye televisheni mpya nyumbani azime ile mipangilio ya kulainisha mwendo. Kila kampuni inaiita jina lake, itafuteni kwenye menyu ya picha, au chagueni hali ya "Sinema". Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Televisheni inapojaribu kubuni fremu za katikati, inakutana na zile alizotoa Hunt, haijui ijaze nini, matokeo yake mkono unakuwa ukungu na uso unavutika. Halafu mtu anasema filamu imepigwa picha vibaya.

[16:34] Neema: Kumbe! Nilidhani ni ubovu wa nakala.

[16:41] Zuhura: Nakala nayo ina mambo yake. Filamu kamili ni dakika 142. DVD ya Ulaya ya mfumo wa televisheni wa PAL itakuonyesha 136 hivi, msishtuke, haijakatwa: inakwenda fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, na sauti inapanda kidogo. Nakala nitakayoleta ni Blu-ray, inakwenda mwendo wake wa asili. Ya kuikwepa ni ile iliyopangwa upya kwa televisheni ya ABC ya Marekani mwaka 1976. Walianza na mbio za ski, wakaweka msimulizi, ndipo wakarudi nyuma. Hadithi yote inavurugika.

[16:44] Shangazi Mwanaidi: Zuhura mwanangu, shuka ninalo la futi sita kwa sita. Latosha?

[16:58] Zuhura: Shikamoo shangazi. Dogo. Picha ya filamu hii ni pana sana, upana ni mara 2.35 ya kimo. Tukiwa na picha ya upana wa mita 2.4, kimo chake ni mita 1.02 tu. Projekta yenyewe hutoa umbo la 16:9, yaani kimo cha 1.35, kwa hiyo juu na chini patabaki ukanda mweusi wa sentimita 16 na nusu kila upande. Asitokee mtu wa kubonyeza "zoom" ili ukanda uondoke! Ukifanya hivyo unakata kushoto na kulia, na mule juu mlimani Hunt anamweka Bond pembeni kabisa huku upande wa pili kuna kilele kizima.

Tunahitaji mashuka mawili yaliyoshonwa ubavu kwa ubavu kwa mshono bapa, yapigwe pasi, yavutwe kwenye kamba juu na fito chini ili upepo usiyachezee. Nyuma yake tundike kitambaa cheusi. Shuka peke yake linapitisha mwanga, picha inafifia. Projekta yangu inataka umbali wa mara 1.5 ya upana, kwa hiyo meza iwe mita 3.6 kutoka kwenye shuka.

[17:00] Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Mashuka nitamwambia fundi leo hii.

[17:03] Mzee Hamza (jirani): Na umeme ukikatika?

[17:12] Zuhura: Shikamoo mzee. Projekta wati 300, kompyuta 65, spika 60. Haifiki 500, jenereta ndogo ya kVA 1 inamudu. Iwekwe nje ya ukuta, upande ambao upepo unatoka kwetu kwenda kwake, moshi wake ni hatari mahali palipozibwa. Tukikatikiwa ghafla, taa ya projekta inabaki na joto kali na feni imesimama. Msiiwashe papo hapo. Dakika kumi ipoe kwanza, la sivyo taa inaweza kupasuka, na taa ndiyo ghali kuliko kitu kingine chote humo.

[17:15] Mzee Hamza (jirani): Marahaba binti. Jenereta ninayo, nitaileta na mafuta lita tano.

[17:22] Neema: Sauti je? Mwezi uliopita muziki ulikuwa juu, maneno hayasikiki.

[17:29] Zuhura: Hiyo ni kwa sababu kompyuta ilikuwa inatoa njia sita za sauti, na maneno hukaa kwenye spika ya katikati. Sisi tuna kushoto na kulia tu, katikati ikaachwa hewani. Safari hii naweka "stereo", na kwenye menyu ya filamu tutachagua sauti ya asili ya mono, ya njia moja tu. Spika ziwe chini ya shuka, juu ya benchi, kimo cha masikio ya mtu aliyekaa.

[17:34] Neema: Mono itapendeza pia kwa muziki wa John Barry. Mwanzoni kabisa hakuna mtu anayeimba, ni ala tupu, na ile sauti nzito inayonguruma chini ni sintesaiza ya Moog, chombo kipya kabisa wakati ule. Wimbo wa kuimbwa umewekwa katikati ya filamu: Louis Armstrong, maneno ya Hal David. Armstrong alikuwa mgonjwa, tarumbeta hakupiga yeye. Akafariki Julai 1971. Uingereza wimbo ulikuja kufika nafasi ya 3 kwenye chati mwaka 1994, robo karne baadaye! Na mwaka 2021 ukarudi tena kwenye 007 nyingine. Utamu wa wimbo ule ni kwamba unausikia ukiwa na furaha.

[17:36] Mjomba Idi: Neema, hapo hapo simama. Mwisho usisemwe humu.

[17:36] Neema: Nimenyamaza mjomba 🤐

[17:48] Shangazi Mwanaidi: Bibi anauliza kuna mtu wa kumtafsiria? Kule kwenye kibanda umiza sinema zote zina msimulizi wa Kiswahili.

[18:10] Mjomba Idi: Mwambie Bibi nitakaa naye mwenyewe. Ila si kila mahali. Kuna sehemu mbili naomba pasiwe na sauti ya mtu.

Ya kwanza ni ofisi ya wakili Gumbold mjini Bern. Bond anaingia wakili akiwa ametoka kula. Jengo la jirani linajengwa, kreni inamletea kwenye ndoo mashine ya kufungua sefu, anaipokea dirishani. Mashine inatafuta namba polepole, yeye anakaa kusoma jarida. Sefu ikifunguka, mashine hiyo hiyo inanakili karatasi moja moja. Halafu mashine irudi kwenye ndoo kabla mwenye ofisi hajafika. Hakuna risasi wala ngumi, na maneno karibu hakuna, muziki tu unaopanda. Ukisimulia pale umeua kila kitu, kwa sababu kinachokushika ni kuhesabu muda wewe mwenyewe.

Ya pili ni ski zote, tangu anapotoka mlimani.

[18:14] Bakari: Na mengine Bibi atayaelewa vipi? Mambo ya wasomi wa nasaba yale yalinichanganya hata mimi.

[18:27] Mjomba Idi: Kabla ya kuanza nitasema mambo manne, dakika mbili tu. Moja: Blofeld, adui wa Bond, yaani Telly Savalas, anataka atambuliwe kuwa ni mtu wa ukoo wa mamwinyi wa Ulaya, Count de Bleuchamp. Pili: Bond anakwenda kwake akijifanya Sir Hilary Bray, mtaalamu wa nasaba kutoka London. Tatu: kule mlimani wapo wasichana wanaodhani wanatibiwa mzio, kumbe wanatiwa usingizini na kupewa maagizo ya kusambaza kirusi cha kuitia ugumba mimea na mifugo. Nne: Tracy, ambaye ni Diana Rigg, ni binti wa Draco, mkubwa wa genge, na baba anataka aolewe.

Watu pia wajulishwe kwamba Bond akiwa Sir Hilary sauti inabadilika. Ni ya mwigizaji mwingine, George Baker, iliyowekwa juu ya mdomo wa Lazenby. Zuhura asije akahangaika na nyaya akidhani ni hitilafu.

[18:29] Zuhura: Asante mjomba, ningehangaika kweli.

[18:33] Bakari: Mbona Blofeld hamtambui Bond na walishakutana kwenye ile ya 1967?

[18:40] Mjomba Idi: Ni kwa sababu ya vitabu. Riwaya hii ya Ian Fleming ni ya 1963, You Only Live Twice ni ya 1964. Filamu zilipinduliwa mpangilio, na Hunt akaamua kukifuata kitabu. Nadhani alifanya sawa. Angeanza kurekebisha hilo, angelazimika kubomoa nusu ya hadithi.

[18:52] Mzee Hamza (jirani): Ule mlima ni wa kweli au wa kuchora?

[19:15] Mjomba Idi: Wa kweli kabisa mzee. Schilthorn, Uswisi, mita 2,970, juu ya kijiji cha Mürren. Mgahawa wa kuzunguka ulikuwa haujamalizika, watu wa filamu wakagharimia kumalizia ndani na uwanja wa helikopta, wao wakapata mahali pa kupigia picha. Jina Piz Gloria limetoka kwenye kitabu, na mgahawa unalitumia hadi leo.

Na picha za ski: Willy Bogner, Mjerumani aliyeshiriki Olimpiki za 1960 na 1964, aliteleza kinyumenyume kamera mkononi, mbele ya watu wanaokimbizana. Ndiyo maana unaona nyuso za wale wanaokuja nyuma. Johnny Jordan yeye alining'inia kwenye mikanda chini ya helikopta, mita tano na ushee, ili kamera izunguke kila upande bila kukamata tairi au mlango. Huyu alikuwa amekwisha kupoteza mguu akipiga picha za filamu iliyotangulia. Mbio za sleji alizisimamia John Glen, ambaye pia ndiye aliyekata picha za filamu nzima. Baadaye akaongoza 007 tano mfululizo, 1981 hadi 1989.

Zipo picha ambazo nyuma yake ni pazia la studio, uso wa Lazenby ukiwa karibu. Zinaonekana, sitaficha. Lakini zinapita haraka kisha unarudishwa kwenye theluji yenyewe.

[19:21] Bakari: Sawa mjomba, nimekubali ski. Lazenby mwenyewe je? Connery ana mvuto wake.

[19:34] Mjomba Idi: Mtazame pale uwanja wa barafu. Ametoroka usiku, kijiji kiko kwenye sherehe, wanaomtafuta wamejaa. Anakaa pembeni, kola juu, amechoka na anaogopa. 007 anaogopa, na unaliona machoni! Halafu viatu vya barafu vinasimama mbele yake, anainua uso: ni Tracy. Kuanzia hapo usukani anashika Tracy, Mercury Cougar nyekundu, hadi wanaingia katikati ya mashindano ya magari juu ya barafu, na Bond ni abiria. Connery wa wakati ule, aliyekwisha kuwa hashindiki, asingeaminika amekaa pale akisubiri kuokolewa. Lazenby anaaminika.

[19:36] Neema: Na Diana Rigg anaendesha akicheka 👏🏾

[19:41] Shangazi Mwanaidi: Watoto wadogo nao?

[19:47] Neema: Shangazi, kuna mabusu na vyumba vya kulala mle mlimani, bila uchi. Kuna mtu anaangukia mashine ya kufyeka theluji, theluji inatoka nyekundu, ni kitambo kifupi. Na mwisho ni mzito. Mimi ningesema kuanzia miaka kumi na mbili.

[19:50] Shangazi Mwanaidi: Basi wadogo walale mapema. Mapumziko tuweke wapi, maana saa mbili na zaidi ni nyingi kwa Bibi.

[19:58] Mjomba Idi: Msitafute kwa dakika, tafuteni tukio. Blofeld akishamwambia Bond kwamba amemtambua na kumfungia kwenye chumba cha magurudumu ya gari la nyaya, simamisha. Mkipita hapo hakuna pa kukata mpaka maporomoko ya theluji, yote ni mkimbio mmoja.

Na baada ya harusi mtu yeyote asiwashe taa wala kuinuka kukusanya vikombe. Filamu haijaisha. Zuhura, maandishi ya mwisho yanapoanza muziki wa Bond unaingia ghafla na kwa nguvu. Punguza sauti kidogo kabla, watu wapate kupumua.

[20:02] Zuhura: Nimeandika. Tukianza saa mbili kamili baada ya isha, na mapumziko robo saa, tunamaliza saa nne na dakika 37. Saa moja na nusu nitakuwa nimeshafika kupima picha, ule mwanzo wa ufukweni ni wa giza, taa ya ukumbini izimwe.

[20:06] Shangazi Mwanaidi: Haya. Mahindi ya bisi kilo moja na nusu, chai ya tangawizi naandaa mimi. Neema lete vikombe, Bakari fito na kamba.

[20:07] Bakari: Fito ngapi, na urefu gani?

[20:08] Zuhura: Mbili, mita tatu kila moja. Kamba ya katani, si ya nailoni, nailoni inalegea ikivutwa.